Mifumo ya kubeti farasi inayouzwa Dodoma: kipi kinafaa, kipi kinamaliza mtaji

Kifurushi chenyewe kinakuja kwenye simu. Ukishalipa kwa lipa namba unatumiwa faili la kurasa chache lenye kanuni za kuchagua mshindi, jedwali la kupandisha dau, na kiungo cha kuingia kwenye kundi ambako kila mchana majina ya farasi yanatupiwa. Iwe Majengo, Makole, Nkuhungu au kwenye vyumba vya wanafunzi UDOM, wauzaji hubadilika lakini muundo ni huohuo. Sehemu hizo tatu hazina thamani moja, kwa hiyo tunazipima moja moja. Uamuzi wetu kwa kifupi: kanuni za kuchagua zina ukweli ndani yake, jedwali la dau ni la hatari, na kundi halirudishi ada yake kwa mtu mwenye dau dogo.

Kabla ya yote, uliza farasi wenyewe wako wapi. Dodoma haina uwanja wa mbio za farasi. Ukitaka kuwaona kwa macho, nenda Ngong, Nairobi, uwanja uliofunguliwa mwaka 1954. Mbio za kweli zinazofika kwenye simu zetu ni za Uingereza, Ireland, Ufaransa na Afrika Kusini. Lakini farasi wanaokimbia kwenye televisheni ya duka la kubeti, mbio mpya kila baada ya dakika chache, mara nyingi ni wa kompyuta. Hapo mshindi anatolewa na programu ya namba za nasibu, na picha unayoiona ni maonyesho ya matokeo ambayo yameshapatikana. Hakuna joki (mpanda farasi), hakuna matope, hakuna farasi aliyechoka. Odi, yaani namba ambayo dau lako huzidishwa nayo ukishinda, zinaeleza nafasi ya kila namba, zikishapunguzwa fungu la kampuni. Mtu anayesema "namba 6 hajashinda tangu asubuhi, sasa anakuja" anasahau kwamba programu haina kumbukumbu ya asubuhi. Nafasi ya namba 6 kwenye mbio ijayo inasomwa kwenye odi zake za mbio hiyo tu. Mfumo wowote unaouzwa kwa ajili ya farasi wa kompyuta tunaupa sifuri, na muuzaji anayeuchanganya na mbio za kweli ndani ya faili moja hajui anachouza.

Kuzitofautisha ni rahisi. Mbio ya kweli ina jina la uwanja, kama Wolverhampton, Greyville au Turffontein, saa rasmi, jina la joki na uzito anaobebeshwa farasi. Matokeo yake unaweza kuyakuta mahali pengine kabisa pasipohusiana na kampuni uliyobetia.

Odi kwanza, jina la farasi baadaye

Karibu kila faili la namna hii linaanza na jinsi ya kumpata mshindi. Lingepaswa kuanza na bei. Chukua mbio ya farasi wanane wenye odi hizi: 3.00, 4.50, 5.50, 7.00, 9.00, 11.00, 17.00 na 26.00. Gawa 100 kwa kila odi: 33.3, 22.2, 18.2, 14.3, 11.1, 9.1, 5.9, 3.8. Jumlisha. Unapata karibu 118. Nafasi za farasi wote zikijumlishwa haziwezi kuzidi 100, kwa hiyo hiyo 18 ya ziada ni fungu la kampuni. Ukigawa 100 kwa 118 unapata 0.85 hivi, maana yake anayechagua bila ujuzi wowote anarudishiwa kwa wastani Sh85 kwa kila Sh100. Hesabu hiyo ifanye kwenye kikokotoo cha simu kabla ya kila mbio. Ikifika 125, iache mbio hiyo hata kama umempenda farasi kiasi gani.

Na hapa mazoea yetu ya mpira yanatuumiza. Tumezoea mkeka, kwa hiyo mtu anakusanya farasi wanne kutoka mbio nne ili odi zipande. Fungu la kampuni nalo linazidishwa pamoja na odi: 0.85 × 0.85 × 0.85 × 0.85 inabaki 0.52. Nusu ya pesa imeshaondoka kabla geti halijafunguliwa. Kwenye farasi beti mmoja mmoja. Kifurushi chochote kinachokupa "mkeka wa farasi wanne wa leo" kinakupa njia ndefu zaidi ya kupoteza.

Kanuni za kuchagua

Kanuni ya kwanza huwa ni kumfuata favoriti, yaani farasi mwenye odi ndogo kuliko wote. Ni kweli kwamba Uingereza favoriti hushinda takriban mbio moja kati ya tatu. Ni kweli pia, tangu utafiti wa R. M. Griffith wa mwaka 1949 huko Marekani, kwamba farasi wa odi kubwa sana hubetiwa kupita nafasi yao halisi, hivyo wanaowafuata hupoteza zaidi kwa kila shilingi kuliko wanaofuata favoriti. Ila kupoteza kidogo bado ni kupoteza. Kushinda mara moja kati ya tatu kunalipa pale tu wastani wa odi unapozidi 3.00, na favoriti wengi wako chini ya hapo.

Kanuni ya kusoma fomu, yaani rekodi ya mbio zilizopita za farasi, ndiyo kurasa zenye thamani, na ndiyo wauzaji wanayoipitia haraka. Tuseme pembeni ya jina la farasi kumeandikwa 40/21-3P1. Soma kutoka kushoto kwenda kulia: ya kulia kabisa ndiyo mbio yake ya karibuni, kwa hiyo farasi huyu ametoka kushinda. Kabla ya hapo P inaonyesha kwamba joki alimsimamisha njiani, hakumaliza. Tatu kabla yake ni nafasi ya tatu. Kistari kinatenga msimu na msimu, mkwaju (/) unatenga mapumziko marefu zaidi, na sifuri ni nafasi ya kumi au nyuma zaidi. F ni kuanguka, U ni joki kuangushwa. Herufi C inaonyesha ameshawahi kushinda kwenye uwanja huo, D ameshinda kwa umbali huo, CD vyote viwili, na BF alikuwa favoriti mara ya mwisho akashindwa.

Anayefundishwa na faili "chukua mwenye 1 mwishoni" amefundishwa robo ya somo. Hiyo 1 ilipatikana wapi, kwa umbali gani, ardhi ikiwa kavu au tope, na kwa uzito gani? Kwenye mbio za hendikapu, ambazo farasi bora hubebeshwa uzito zaidi ili nafasi zisawazike, farasi anayeshinda hupandishwa alama, na kila alama moja ni ratili moja zaidi mgongoni mbio ijayo. Farasi aliyeshinda kwa shida akaongezwa ratili sita si farasi yuleyule. Kinyume chake, aliyekuwa wa nne kwenye daraja la juu akashushwa daraja leo, kwa umbali uleule na ardhi ileile, anastahili kutazamwa mara mbili. Kanuni nzuri ya faili lolote ni ile inayokulazimisha kujibu maswali manne kabla ya kuweka dau: umbali, ardhi, daraja, uzito. Ukikosa jibu la mawili, ruka.

Geti la kuanzia nalo lina uzito wake, lakini si kila mahali. Chester, Uingereza, uwanja ni mdogo na karibu wote ni kona ya kushoto, kwa hiyo kwenye mbio fupi za furlongi tano (furlongi moja ni kama mita 201) geti za namba ndogo zina faida inayojulikana. Kampuni nazo zinaijua, na odi zinashuka ipasavyo. Kuipeleka kanuni hiyo kwenye uwanja ulionyooka hakuna maana.

Jihadhari sana na kanuni zilizosukwa kinyumenyume. "Favoriti wa pili, umri wa miaka minne, Jumanne, geti 1 hadi 3, joki aliyeshinda ndani ya siku saba." Mtu anachukua matokeo ya zamani, anaongeza masharti na kuyaondoa mpaka faida itokee, kisha anakuuzia. Masharti 20 ya ndiyo au hapana yanatoa michanganyiko zaidi ya milioni moja. Kwenye milioni, mingi itaonyesha faida kwa bahati tu. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: kwa nini Jumanne? Kama hana sababu inayohusu farasi, sharti hilo ni pambo.

Jedwali la kupandisha dau

Hii ndiyo sehemu inayomaliza watu, na inauzwa kama moyo wa mfumo. Ahadi yake: ukipoteza, ongeza dau kiasi kwamba ushindi mmoja unarudisha hasara yote na kukupa faida ileile ya mwanzo. Kwa odi 2.00 maana yake ni kulizidisha dau mara mbili kila unapopoteza. Ukianza na Sh1,000 na kupoteza mara nane mfululizo, umeshatoa Sh255,000, na dau la tisa ni Sh256,000. Unahatarisha zaidi ya nusu milioni ili upate Sh1,000.

Muuzaji mjanja atakwambia jedwali lake ni la odi 3.00, halipandi kwa kasi hiyo. Haya, tulifuate. Lengo ni faida ya Sh1,000. Dau la kwanza Sh500. Umepoteza, la pili Sh750. La tatu Sh1,125. La nne karibu Sh1,690. Linapanda kwa nusu yake kila hatua, na mpaka hapo linaonekana la kistaarabu. Ukishapoteza mara kumi, hasara ni karibu Sh56,700. Mara kumi na mbili, Sh128,700, na dau la kumi na tatu ni karibu Sh64,900. Kama farasi wako wanashinda mara moja kati ya tatu, mfululizo wa kupoteza mara kumi na mbili ni jambo la kulitegemea ndani ya mbio 400 hivi, na mtu anayebeti mbio nne kwa siku anafika 400 ndani ya siku mia moja. Kwa hiyo si mkosi, wala hujarogwa. Ni hesabu, na inakuja kwa kila mtu anayedumu na jedwali hilo.

Wiki za mwanzo litakulipa karibu kila siku, faida ndogondogo, na ndiyo maana shuhuda zilizobandikwa kwenye kundi ni za kweli: zimeandikwa na watu ambao bado hawajafika kwenye mfululizo wao. Kisha ukifika dau la kumi na tatu, kampuni inaweza kuwa na ukomo wa dau, au salio limeisha na mtu anaanza kuangalia ada ya mtoto, fedha ya kikoba, hesabu ya bodaboda anayotakiwa kumpelekea tajiri jioni. Tunasema wazi: futa jedwali hilo kwenye simu yako. Hakuna namna ya kupanga dau inayogeuza uchaguzi wenye hasara kuwa wenye faida.

Upangaji wa dau wenye msingi upo. John L. Kelly, mtafiti wa Bell Labs, aliutoa mwaka 1956, na unaenda kinyume na jedwali: dau linapungua mtaji unapopungua. Zidisha nafasi unayompa farasi kwa faida ya odi (odi ukitoa 1), toa nafasi ya kupoteza, gawa kwa faida ya odi. Farasi wa odi 5.00 unayemkadiria asilimia 24: 4 × 0.24 ni 0.96, toa 0.76, inabaki 0.20; gawa kwa 4, unapata 0.05. Yaani asilimia 5 ya mtaji. Kwa kuwa makadirio ya mtu hukosea, wazoefu huchukua robo ya hapo, asilimia 1.25. Jibu likiwa chini ya sifuri, hakuna dau. Kama hesabu hiyo ni kero, weka asilimia 1 ya mtaji kila mara na usiibadilishe ndani ya siku.

Makato

Faili zinazozunguka hunakiliwa kutoka kwa waandishi wa Uingereza, ambako mchezaji hakatwi kodi kwenye ushindi. Kwetu kuna kodi ya zuio kwenye ushindi, na kiwango chake kimekuwa kikibadilishwa kwenye bajeti, kwa hiyo kisome kwenye risiti yako ya mwisho. Chukua mfano wa asilimia 10 ya faida. Odi 3.00 inakuwa 2.80, na badala ya kuhitaji kushinda mara 33.3 kati ya 100 ili usipoteze, unahitaji 35.7. Yule farasi wa odi 5.00 hapo juu anashuka kutoka dau la asilimia 5 hadi 2.9. Hasara za jana hazipunguzi kodi ya ushindi wa leo. Mfumo ambao haukuweka mstari wa kodi haukutengenezwa kwa ajili ya mtu wa Tanzania.

Kuna makato mengine ambayo watu hudhani ni wizi wa duka. Farasi akijitoa baada ya odi kutangazwa, kwenye mbio za Uingereza faida yako hupunguzwa kwa kanuni ya nne: aliyejitoa akiwa na odi 2.00, faida inakatwa asilimia 45. Akiwa juu ya 15.00, haikatwi kitu. Farasi wawili wakifika pamoja, nusu ya dau lako inalipwa kwa odi kamili na nusu nyingine inapotea. Ukicheza kushinda-au-nafasi, kumbuka hayo ni madau mawili, moja la farasi kushinda na jingine la kumaliza miongoni mwa wa mwanzo: Sh1,000 inakuwa Sh2,000. Kwa kawaida, farasi watano hadi saba hulipa nafasi mbili kwa robo ya odi, wanane na kuendelea nafasi tatu kwa moja ya tano, na hendikapu ya farasi 16 au zaidi nafasi nne kwa robo. Wanne kushuka chini, hakuna nafasi.

Kundi la utabiri

Hesabu ya ada ni fupi. Kama kundi linatoza Sh20,000 kwa mwezi na dau lako ni Sh2,000, unahitaji faida ya madau kumi, baada ya kodi, ili tu urudishe ada. Wenye ujuzi wa miaka hawana uhakika wa kuipata kila mwezi.

Halafu kuna odi. Muuzaji anaandika kwamba farasi alishinda kwa 6.00. Ulipofungua ujumbe ilikuwa 4.80, na mbio ilianza kwa 4.20. Rekodi ya kundi inahesabiwa kwa 6.00 ambayo wewe hukuiona. Ukitaka kujua kundi kama ni la kweli, dai rekodi kwa odi ya kuanzia, yaani ile iliyokuwepo mbio ilipoanza.

Na usitetemeshwe na washindi watatu mfululizo. Mwenye namba 512 za simu anaweza kuzigawa mafungu manane kwenye mbio ya farasi wanane, kila fungu farasi wake. Fungu moja la watu 64 linapata mshindi. Analigawa tena manane, wanabaki wanane. Mara ya tatu anabaki mtu mmoja aliyetumiwa washindi watatu bila kukosea, na huyo atalipa chochote anachoombwa. Anayekuomba umtumie yeye hela akubetie, mfute. Leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ni ya kampuni inayopokea dau. Haina maana kwamba Bodi imepima mfumo wa mtu. Na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti hata shilingi.

Jinsi ya kuupima kabla ya kulipa

Mfumo unaoshinda uliwahi kuwepo. Bill Benter na Alan Woods waliingia Hong Kong miaka ya 1980 wakiwa na kompyuta na rekodi za kila farasi. Benter alichapisha maelezo ya njia yake mwaka 1994, na jambo kubwa ndani yake ni kwamba makadirio ya kompyuta peke yake hayakutosha: ilibidi yachanganywe na odi za umma wenyewe. Kazi ya namna hiyo haikai kwenye faili la kurasa nane.

Kwa daftari la kawaida unaweza kupima chochote bila kuweka hata senti. Chora safu: tarehe, uwanja na saa, farasi, odi iliyokuwepo dakika uliyoamua, odi ya kuanzia, matokeo, faida au hasara baada ya kodi. Andika kabla ya mbio, kwa kalamu. Usikimbilie faida: kwa farasi wa odi 3.00, mfumo usio na ujuzi wowote unaweza kupanda au kushuka madau 14 ndani ya mbio 100 kwa bahati tu. Dalili inayojitokeza mapema zaidi ni safu mbili za odi. Kama odi uliyoandika inazidi odi ya kuanzia mara nyingi, kwenye mbio mia na kuendelea, kanuni zako zinaona kitu kabla ya soko. Kama ni ndogo au zinalingana, huna kitu, hata kama daftari linaonyesha faida.

Saa zichunge. Mbio ya 14:10 Uingereza ni saa kumi na dakika kumi jioni kwetu wakati wa kiangazi chao. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi inakuwa saa kumi na moja na dakika kumi. Afrika Kusini tunaitangulia saa moja mwaka mzima. Kundi linalotuma majina saa nane mchana kila siku bila kujali msimu linakupa odi zilizochukuliwa muda tofauti kabla ya mbio, na safu ya nne ya daftari lako itaharibika kuanzia Novemba.